Kucha za Mkono Mmoja

Mpiga gitaa huja saluni ya Mama Lyse, mtaani Greyville, kila kucha zake zinapovunjika, na hutaka abandikiwe za mkono wa kulia tu. "Kaka, na huo wa kushoto ni wa mkeo?" humuuliza wanaosukwa. Hajali. Muziki wake ni flamenko, wa Kihispania, na gitaa lake halipigwi nyuzi tu, hugongwa hata tumboni kwa kucha, kama mlango wa jirani aliyelala. Kidole cha pete ndicho mgongaji mkuu. "Mama, hii iko nyembamba," hulalamika, "ongeza." Gundi ikikauka huzijaribu kucha kwenye chochote kilicho karibu: meza, chupa ya rangi, siku moja goti la mteja. Mama Lyse humtazama akijiuliza ni mama gani mwenye mkosi atakayeletewa mkwe wa namna hii.

Jumamosi moja akagonga meza: ko, koko-ko, akaishia katikati. Nyuma ya pazia, Lyse, binti wa mwenye saluni, aliyekuwa akifua taulo, akamalizia kwa makofi, pa, papa-pa, bila kukosea wala kuchungulia.

Saluni nzima ikageukia pazia. "Eish," akasema mmoja. Mtu yule asiyejua kutulia akauficha mkono chini ya meza.

Mama Lyse akachukua tupa ya kucha. "Lete mkono, mwanangu," akasema, kwa upole ambao Lyse peke yake aliijua maana yake. "Hiyo ya kugongea nimeiacha ndefu mno."