Mafuta ya Samaki ya Tupo

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umeifunika milima ya Uluguru, na mzee Stambuli Mloka anakoroga ugali wa mbwa nje ya kibanda chake cha ulinzi. Anauacha upoe. Kisha anamimina juu yake kijiko cha mafuta ya samaki, anachanganya kwa kijiti, anasimama getini na kuita kwa sauti yote: “Tupo!”

Mbwa anatokea nyuma ya mashine zilizoota kutu, mgongo wake nusu una manyoya, nusu hauna. Tupo ndilo jina lake. Walinzi walipokuwa sita walimpa makusudi, ili mwizi akisikia mtu anaita ajue ndani kuna jeshi. Leo jeshi lenyewe ni mzee wa miaka sitini na mbwa mwenye upele.

Kiwanda hiki cha vifungo, pembezoni mwa mji wa Morogoro, kilifungwa miaka mitatu iliyopita, baada ya bidhaa za nje kujaa madukani. Wafanyakazi walipunguzwa kundi kwa kundi, mpaka getini akabaki Stambuli, alinde kuta hadi apatikane mnunuzi. Vifungo bado vimetapakaa vumbini. Mshahara, anasema, “unakuja ukijisikia.”

Sasa mnunuzi amepatikana. Mwakilishi wake alipita mwezi uliopita, akamwona Tupo akijikuna, akasema atarudi mwisho wa mwezi huu: mbwa awe amepona, la sivyo apigwe risasi.

Stambuli akakimbilia kwa daktari wa mifugo, Filomena. Alipewa dawa ya kumwogeshea mbwa, akaambiwa pia amchanganyie mafuta ya samaki kwenye chakula, ngozi ipate nguvu.

Mzee akaenda moja kwa moja Bigwa, kwa Mwanvita, anayekaanga samaki kando ya barabara.

“Nikamwambia, mwanangu, nipe mafuta ya samaki,” anasimulia. “Akanimiminia yale meusi ya chini ya karai. Tupo aliyafurahia hasa.”

Kesho yake Tupo aliharisha hadi miguu ikakataa kumbeba. Stambuli alishinda naye, akimnywesha maji kwa kiganja.

“Shikamoo nilimpa, halafu nikamgombeza,” anasema Filomena. “Nilisema mafuta ya samaki, yeye kampa mafuta yaliyokaangiwa samaki. Lakini na mimi nina kosa. Sikumwambia kwamba yako kwenye chupa, duka la dawa.”

Zamani chupa hiyo ilikuwa adimu. Stambuli aliiona mara ya mwisho kliniki, binti yake Furaha alipokuwa mdogo, akiyatema mafuta kwenye kanga ya mama yake. Siku hizi maduka ya dawa yamechipuka kila kona. Chupa moja ilimgharimu pesa ya unga wa wiki nzima.

“Ya mjukuu, babu?” muuzaji alimuuliza. “Ana miaka mingapi?”

“Minne,” alijibu.

Hakudanganya, Tupo ana miaka minne. Wajukuu wenyewe wako Dar es Salaam na Furaha, ambaye tangu mazishi ya mama yake hajarudi. Stambuli hawajui hata kwa sura, na jambo hilo linamuuma kila siku.

Majirani nao wamejitenga naye kwa sababu ya mbwa. Kanzu yake ya swala huitundika juu kibandani, asikofika mbwa, na hujitwaharisha kabla ya kwenda msikitini. Hata hivyo, swala ikiisha, wengine huficha mikono wasimpe salamu.

“Sina kinyongo nao,” anasema. “Ila nikirudi hapa, anayenifuata hadi mlangoni ni huyu.”

Filomena anasema mafuta huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Mwisho wa mwezi hauko mbali hivyo. Stambuli anamgeuza Tupo taratibu, anaonyesha vinyweleo vipya karibu na shingo, na anamuuliza mwandishi wa habari hii kama naye anaviona. Vinaonekana, kwa mbali.

Mpango wake ni kumwomba mwakilishi awabakishe wote wawili. Na akikataa?

Mzee anaipangusa chupa kwa mkono wa shati lake.

“Kuta nitalinda,” anasema. “Lakini jioni nikisimama getini nitaita nini? Mtu mmoja hawezi kupiga kelele kwamba tupo.”