Gia ya Pampu na Maji ya Tangi

Pampu ya maji ya mtaa wetu, hapa Likasi, ilikufa kwa sababu ya gia moja iliyokatika meno. Kiwanda chetu cha kuyeyushia chuma kikaombwa kusubu nyingine, nami, mhandisi wa hapo, nikapewa kazi ya kuhakikisha haipasuki kwenye trempe, yaani pale chuma chekundu kinapotumbukizwa majini ili kiwe kigumu. Chuma kizuri kilichobaki kilitosha gia moja tu.

Nikaichora kwenye kompyuta. Kila hesabu ikifika katikati, umeme unakatika. Mabwawa ya umeme ya Mwadingusha na Koni yako pale tu kwenye mto Lufira, na sisi tunapapasa mishumaa! Nilianza upya mpaka nikachoka kutukana. Mwishowe kioo kikanionyesha gia ikipoa, kutoka nyekundu hadi buluu, bila ufa wowote. Sharti lilikuwa moja: izame yote.

Siku yenyewe, asubuhi, nilichungulia tangi, nikalikuta limejaa. Umeme ukakatika, tanuru ikapoa. Uliporudi tukaanza kupasha tena, hadi alasiri. Winchi ikaitoa gia ikiwa inawaka, kifuniko cha tangi kikaondolewa. Maji yalikuwa nusu.

"Mayi yote ilienda wapi?" nikapiga kelele.

Mlinzi wa lango akanishangaa. "Ba mama balishota, sawa siku yote. Robinet ilikauka. Weye haujue?"

Nilijua, bwana! Tangu pampu ife na mabomba yakauke, kila mchana akina mama wa mtaa huingia kuchota na mabidoni yao, yale madumu ya maji, na hakuna anayewauliza. Ni kompyuta ambayo haikuambiwa kwamba tangi letu ndilo kisima cha mtaa.

Gia ilikuwa inapoa hewani. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikatoa ishara. Nusu ikazama, nusu ikabaki juu. Tukasikia mlio mkavu, na ufa ukapita kutoka kwenye jino hadi kwenye tundu la katikati. Nilivua kofia yangu ya kazi, nikaibamiza chini.

Nyumbani, mke wangu alikuwa ameniwekea ndoo bafuni. "Papa, oga. Leo niko na chance, nilipata bidon ya mwisho ku tangi yenu."

Masizi yalinijaa hadi kwenye nyusi. Nikaoga kwa hasira, nimesimama ndani ya beseni, ili maji yanayodondoka yabaki ya kudekia.