Kidole cha Shosho

Mimi nikikasirika sina breki. Ile siku niliingia agrovet, duka ya chakula na dawa za mifugo, hapa Rongai na kuku amekufa ndani ya mfuko, nikampigia mwenye duka kelele mbele ya wateja.

"Boss, chakula yako inaua kuku za shosho yangu!"

Akaangalia mfuko, akaniangalia. "Na wewe ni daktari?"

"Nimesoma."

Na kweli nilikuwa nimesoma. Kwa simu, wiki nzima, nimekalia debe. Nilikuwa nimeona video mpaka za wazungu.

Kuku ni za shosho, nyanya yangu, mimi ni miguu yake tu. Mayai zilikuwa zimepungua, zingine zinatoka bila ganda, laini kama baluni ya maji. Kuku anajikamua hakuna kitu inatoka, tumbo imefura, anasimama wima kama askari wa geti. Wanne walikuwa wameenda. Shosho alisema wakiendelea kufa mpaka Jumamosi, anamaliza zote na hiyo nyumba ya kuku inakuwa stoo ya mahindi. Alisema akicheka, lakini chai yake ilikuwa inapoa mkononi, na shosho haachangi chai ipoe.

Ndio nikaita daktari wa mifugo. Akapasua mmoja juu ya gunia. Mrija ya mayai ilikuwa imejaa kitu ya njano, ngumu, kama yai imechemshwa ikasahaulika.

"Hii si chakula," akasema. "Uchafu umeingia hapa nyuma ukapanda mpaka kwa mrija. Kuna mtu hupima hizi kuku na kidole?"

Sasa hapo nikajua ni kidole ya nani.

Kila jioni shosho hushika kuku mmoja mmoja, anaingiza kidole kutafuta yai, anatangaza kama mwalimu anasoma matokeo. "Huyu kesho. Huyu kesho. Huyu ni mvivu." Alifunzwa na mamake huko Olenguruone, wakiwa na kuku saba za kienyeji. Hapa ni mia moja na kitu. Kidole ni kile kile, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, halafu anapangusa kwa leso. Na hakuwa anakosea! Nilikuwa nawaringia majirani na hiyo kidole.

Nikamwangalia. Shosho alikuwa ameona kitu muhimu sana kwa mabati.

"Ni mimi, daktari," nikasema.

Wacha nihubiriwe! Kunawa mikono, kubadilisha maranda kwa viota, kutenga wenye wameshikwa, dawa kwa maji, na mayai zisiliwe mpaka siku za dawa ziishe. Na shosho pale kando anatingisha kichwa. "Hawa watoto wa siku hizi, daktari. Unawaambia, hawasikii."

Daktari akienda nikamgeukia. "Shosho!"

"Nini? Si umesema ni wewe?"

Jumamosi ikafika. Walikuwa wamekufa wengine wawili, halafu ikasimama. Shosho akaomba mahindi ingoje kwanza. Jioni nilimkuta kwa mlango ya kuku, mikono nyuma ya mgongo kama mtu ameshikwa na polisi. "Nawaangalia tu," akasema. Kwa macho bado alikuwa anatabiri: huyu kesho, huyu kesho.

Siku za dawa zikaisha, mayai zikarudi na maganda, tukabeba trei moja kwenda kuomba msamaha agrovet. Msamaha wangu hutoka pole pole, kwa hivyo shosho akanisaidia. "Msamehe, kijana wangu. Kumbe shida ilikuwa kidole yake."

Jamaa alikuwa amenyoosha mkono. Akaurudisha, akanigongesha ngumi ya salamu. Duka nzima ikacheka.

Halafu akampa shosho mkono, mikono yote miwili, kwa heshima. Shosho akamshika na ule wa kulia, wa kidole, akaushikilia kitambo, akiniangalia.

Mimi nikaona kitu muhimu sana kwa mabati ya duka.