Mikayi wa Ukurasa wa Kwanza

Beldina wa Migosi alikuwa mtu wa kuombea hata sufuria kabla ya kuinjika, lakini mwaka huo wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki ngege.

Kazi yake haikuwa na ofisi. Alikaa mezani nyumbani akiandika maelezo ya kuwafundisha waunda programu namna ya kutumia mfumo unaopeleka bei za samaki kwenye simu za wachuuzi. Wenzake aliwajua kwa sauti tu, huyu Mwanza, yule Jinja. Mfumo wenyewe ulikuwa mali ya wote. Yeyote, popote alipo, angeweza kuleta marekebisho, ila hayakuingia mpaka Beldina ayakubali.

Ukurasa wa kwanza wa maelezo hayo aliuandika yeye, mimba ya kitinda mimba ikimlemea. Kila mgeni alianzia hapo. Basi msichana wa Kitale, Nelima, ambaye hata halipwi, akautuma ukiwa umeandikwa upya wote. Beldina aliusoma akitafuta kosa. Ulikuwa mwepesi, unamshika msomaji mkono. Akaumia.

Hakuukataa, maana kukataa kungeonekana. Alimwambia Nelima apunguze maneno, akapunguza. Akamwambia aongeze picha, akaongeza, tena akashukuru na kumwita dada. Shukrani hiyo ikamchoma kuliko tusi.

Kwenye mkutano wao wa mtandaoni, Odongo wa Nakuru aliuliza ukurasa umekwama wapi. Vijana wa Mbita walikuwa waanze kujifunza mfumo Jumatatu, na waliowatangulia walishindwa na ule wa zamani wakaacha. Beldina akajibu kwamba bado anaupitia.

Jioni jirani yake Selpha alileta omena, dagaa wa ziwani. Selpha ni mikayi, yaani mke wa kwanza, wa mzee Oluoch, na katika boma lile hakuna mke anayepanda mbegu kabla yake. Beldina alimweleza yote, akitumaini kuonewa huruma.

"Mama, mke mdogo akitaka kupanda kabla yako utafanyaje?"

"Hawezi. Mimi ndiye natangulia."

"Umeona sasa!"

"Ngoja, nyathina, mwanangu." Selpha alikuwa akicheka. "Ndiyo maana mvua ikinyesha mimi natoka mapema, hata mgongo ukiuma. Mikayi akinuna ndani na jembe lake, boma lote linalala njaa. Watoto wake pia. Sasa wewe umepanda, ama umenuna?"

Beldina alianza kuchambua omena. Selpha alipoondoka, alipiga magoti akamwomba Mungu amwondolee wivu. Akangoja. Haukuondoka. Akainuka hivyo hivyo, nao kooni, akaketi mezani na kuukubali ukurasa wa Nelima.

Jumatatu vijana wa Mbita walipita pale wote, hakuna aliyekwama. Sifa zikamiminika kutoka kila upande, jina la Nelima juu ya kila moja. Odongo hata alisema mfumo umepata mwalimu. Beldina aliandika, "Hongera, mdogo wangu," akafuta, akaandika tena, akatuma. Nelima akajibu kwamba bila dada asingefika popote, na kwamba sasa anautazama ukurasa wa pili.

Wa pili nao ulikuwa wa Beldina.

Alizima jiko, ugali haujaiva vizuri, akamwambia mume wake Obiero ajipakulie. Kisha akaufungua ukurasa wa pili na kuanza kuufumua na kuuandika upya mstari kwa mstari, kabla yule msichana hajaufikia.