Kitako cha Bunduki ya Sahani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa bunduki kumi na moja zenye matope ya msimu mzima, na tambara moja. Bwana Nyama, ndivyo tulivyomwita ofisa wa wanyamapori wa wilaya, alisimama mlangoni mwa ghala la silaha pale Bariadi akaniuliza kama nimewahi kushika bunduki. Nikamjibu kwamba nimeshika gobore la babu yangu.

"Basi lisahau," alisema. "Humu kila kitu kina namba, na namba haina babu."

Wakati huo Bariadi ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Kazi yangu ilikuwa kusafisha, kupaka mafuta na kukagua. Rifle, bunduki za risasi moja moja, zilikuwa za tembo na nyati waliovamia mashamba. Zile nyingine, bunduki za marisau, zilikuwa za ndege na wanyama wadogo. Marisau ni punje za risasi ndogo ndogo. Ukifyatua, hutoka kwa pamoja na kutawanyika kadiri zinavyokwenda, kama mbegu zinazorushwa kwa kiganja. Kwa hiyo mpigaji wa marisau halengi kama mpigaji wa rifle. Anaelekeza bunduki kwa mwili wake wote, na bunduki isiyomkaa mwilini itampeleka pembeni hata kama ana macho ya mwewe.

Jambo hilo nililijua nilipohamishiwa Maswa, kisha Nassa, ambako viboko walikuwa wakitoka ziwani kula mpunga. Mkuu wa kituo cha Nassa alikuwa mfupi, na bunduki yake ilikuwa ya mtu mrefu. Kila akifyatua alirudi ofisini ameshika bega. Ndani ya sanduku moja la bunduki nilikuta kijitabu cha Kiingereza kuhusu vipimo vya kitako, ule mti wa nyuma unaoegemea begani. Nilikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa wiki, nikamkatia mkuu kitako kidogo, nikakipiga msasa.

"Fundi," aliniambia baada ya kuijaribu, "leo ndiyo mara ya kwanza bunduki hii kunisalimia kwa heshima."

Tangu siku hiyo nikawa na daftari. Kila bunduki niliyoigusa niliandika ilivyokuwa kabla, nilichofanya, na ilivyokuwa baadaye.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia na malori yao, maduka yakajaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu, na ofisini ikaja orodha ya watumishi wanaopunguzwa. Jina langu lilikuwemo. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, watoto watano, na ujuzi ambao hakuna mkulima wa pamba aliyeuhitaji. Lakini soko huria hilohilo lilileta kampuni za uwindaji wa kitalii, na moja ilifungua kambi ng'ambo ya Nkololo, kuelekea porini. Nilisikia wanatafuta fundi wa bunduki, nikaenda kwa baiskeli.

Meneja wa kambi alikuwa mtu wa Moshi, mwenye haraka, aliyezungumza huku anatembea. Alinionyesha bunduki ya marisau yenye mitutu miwili iliyolala sambamba.

"Wageni wangu wakirudi asubuhi kutoka kuwinda, mchana wanachoka kukaa," alisema. "Wanataka kupiga sahani. Unazijua?"

Nilizijua kwa kijitabu tu. Ni visahani vya udongo au lami vinavyorushwa hewani na mtambo wa springi, na mpigaji anavivunja vikiwa vinaruka.

"Bunduki hii ni ya kanga," akaendelea. "Nataka iwe ya sahani. Wageni wanafika Jumamosi. Ikivunja sahani, una kazi hapa. Isipovunja, namwita fundi kutoka Arusha, na wewe tusalimiane vizuri tu."

Ilikuwa Jumatatu. Kwenye lori lililotoka Maswa siku hiyo, makatoni yote ya sahani yalikuwa yamegeuka kokoto kwa mashimo ya barabara. Nilipekua nikapata sahani moja tu nzima, nayo ilikuwa na ufa.

Niliifunga kwenye kitambaa nikampelekea Mayu Kabula, yaani Mama Kabula kwa Kisukuma, mfinyanzi wa Nkololo ambaye vyungu vyake vilifika hadi mnada wa Bariadi. Nikamwomba anitengenezee za ukubwa huo, nyingi, haraka. Akasema nimwachie.

Mimi nikarudi kwenye bunduki. Mtu anayewinda kanga anatembea bunduki ikiwa kiunoni, ndege anaruka, anaipandisha ghafla na kufyatua. Mpiga sahani anaanza bunduki ikiwa tayari begani na shavu likiwa limelala kwenye mgongo wa kitako. Tena sahani inapanda. Bunduki ikipiga palepale inapotazama, mpigaji atalazimika kuifunika sahani kwa mtutu, asiione. Kwa hiyo unainua mgongo wa kitako kidogo ili jicho lipande, na marisau yaende juu kidogo ya alama. Niligundisha tabaka mbili za ngozi ya ng'ombe pale shavu linapokaa, nikaongeza raba ya tairi nyuma ya kitako, kwa sababu mpiga sahani hufyatua mara nyingi na bega halina subira.

Kisha nikapima. Nilipasua mifuko ya saruji, nikaitandika kwenye fremu ya miti umbali wa hatua arobaini, nikachora duara katikati na kufyatua. Nikahesabu matundu: katika kila kumi, sita juu na manne chini. Ndivyo kijitabu kilivyotaka. Nikaandika kwenye daftari.

Jumanne jioni Mayu Kabula alikuwa na sahani za kwanza, zimetoka motoni. Nikafanya kama mama yangu alivyonifundisha kununua chungu: nikagonga kila moja kwa kifundo cha kidole, nikasikiliza. Zikalia kama kengele. Mbili zilitoa sauti nzito, nikazirudisha.

"Unajua vyombo, fundi," alisema Mayu Kabula, naye hakuwa mtu wa kusifu ovyo.

Jumatano meneja akasimama na bunduki. Nikavuta springi, sahani ikaruka, akafyatua. Sahani ikaendelea na safari yake hadi majanini. Ya pili hivyohivyo. Alipiga kumi na mbili, na kumi na mbili zote zikashuka salama kama ndege waliochoka.

"Hii bunduki inapiga wapi?" aliuliza.

"Karatasi inasema iko sawa, bosi."

"Karatasi haijalipa kuja hapa kutoka Ulaya! Inapiga chini. Inua."

Nikaongeza ngozi. Alhamisi asubuhi akapiga tena, akakosa tena. Nikaongeza tabaka la nne. Kitako sasa kilikuwa kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Mpishi wa kambi, aliyekuwa akitutazama kutoka jikoni, akapaza sauti: "Fundi, kama hizo sahani hazina kazi, nipe nipakulie mchicha!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuona barabara ya kurudi nyumbani na baiskeli yangu juu yake.

Meneja akanipa amri ya mwisho. "Mdomo wa mtutu umebana mno. Marisau yanatoka kama fungu moja. Panua."

Kubana huko kunaitwa choki. Mdomo wa mtutu unafinywa kidogo ili marisau yasitawanyike mapema. Kuipanua kunawezekana, lakini chuma ukishakisaga hakirudi. Ngozi naweza kuibandua. Chuma, hapana. Nikaweka mtutu kwenye jiliwa, kibanio cha chuma cha mezani, nikapanga jiwe la kusagia na mafuta mezani, nikafuta mikono mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Hapo ndipo Mayu Kabula alipofika na mkokoteni wa punda, ameleta sahani za awamu ya pili.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, Mayu."

Aliona vikapu viwili vya sahani tulizookota majanini, cha Jumatano na cha Alhamisi. Akachukua moja, akaipitisha kidole gumba, akakunja uso.

"Nani amechafua vyombo vyangu?"

"Hakuna aliyevichafua, Mayu. Hizo ndizo zilizokoswa."

"Zilikoswa na nini? Njoo uangalie."

Nikasogea. Kwenye wekundu wa udongo kulikuwa na vidoa vya kijivu, vidogo kama mbegu za mtama, rangi ya risasi. Nikahesabu saba. Nikachukua nyingine: vitano. Nyingine: tisa. Tulizopiga Jumatano, kabla sijaongeza ngozi, karibu zote zilikuwa na alama. Za Alhamisi zilikuwa safi. Meneja alikuwa akilenga vizuri siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyemharibia siku ya pili.

Nikakaa chini.

"Mayu, mbona umezichoma ngumu hivi?"

"Ulitaka nizichome laini? Ile uliyoniletea ilinipondekea mkononi kama andazi la juzi. Nikasema, huyu kijana wa watu ameuziwa kitu kibovu mjini, ngoja nimsitiri."

"Zinatakiwa zivunjike."

"Unaninunulia chombo ili kivunjike?"

"Ndiyo, Mayu."

"Na wewe ndiye uliyezigonga ukazirudisha zile mbili mbovu!"

Hapo alicheka mpaka akashika gurudumu la mkokoteni. Nilikuwa nimekataa kwa mikono yangu sahani mbili pekee ambazo zingevunjika. Wote wawili tulilelewa kuheshimu chombo kisichopasuka, na hakuna kati yetu aliyesimama kuuliza kinakwenda kufanya nini.

Kumshawishi atengeneze dhaifu ilikuwa kazi ngumu kuliko kitako. "Watu watasema Kabula amezeeka," alisema. Mwishoni alikubali kwa sharti kwamba azitengenezee palepale kambini, nyuma ya jiko, na mtu akiuliza niseme nimezifinyanga mimi. Alichanganya udongo na majivu na pumba za mpunga, akaukandika mwembamba, akauanika juani bila kuuchoma. Kila alipomaliza moja alitikisa kichwa kama anayefanya dhambi ndogo. Mimi nilitoa mtutu kwenye jiliwa bila kuusaga, nikabandua ngozi tabaka mbili, nikarudi kwenye kipimo cha Jumatatu kilichokuwa kwenye daftari.

Ijumaa mchana sahani zikakauka. Nyingine zilimeguka kwenye mtambo wenyewe kabla ya kuruka. Ya kwanza iliyoruka vizuri, meneja akafyatua, ikageuka vumbi jekundu hewani. Ya pili akakosa. Ya tatu vumbi. Wafanyakazi wa jikoni wakapiga makofi.

Akashusha bunduki. "Kwa hiyo Jumatano nilikuwa napiga?"

"Ulikuwa unapiga, bosi."

"Na wewe ulijua?"

"Karatasi ilijua. Mimi nilikuamini wewe."

Akanipa mkono. "Kesho uje uchukue sare. Na mwambie aliyefinyanga hizi alete nyingine."

"Nimefinyanga mwenyewe, bosi."

Nyuma ya jiko nilisikia mtu akikohoa.

Nilifanya kazi kambini pale miaka kumi na minne, chini ya mameneja watatu. Wa pili alikuwa mpole na hakujua bunduki. Wa tatu alijua kila kitu isipokuwa kusikiliza. Nilitengeneza vitako vya wageni warefu, wanene, wa mkono wa kushoto, na mama mmoja mwenye bega lililowahi kuvunjika, ambaye aliondoka ananishukuru kwa Kiswahili alichojifunza siku hiyohiyo. Tuliponunua makatoni ya sahani za kiwandani, yalifungwa kwa majani makavu na yalifika mazima. Sikuwahi kusaga mtutu wowote kabla ya kutazama kwanza kinachopigwa.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Bariadi, na sina malalamiko. Bunduki sigusi tena, ila kazi ya kupima mwili na mti imenifuata. Watu huniletea mipini ya majembe, magongo, hata viti. Wiki iliyopita alikuja jirani yangu, mstaafu wa ualimu, anachechemea.

"Fundi, gongo hili refu. Linaniumiza bega. Nikatie inchi moja."

"Tembea kwanza, mwalimu."

"Nitembee nini? Gongo ndilo refu!"

"Tembea tu, hadi kwenye mlango na kurudi."

Akatembea akinung'unika. Nikamwomba avue viatu. Kisigino cha kiatu cha kulia kilikuwa kimeliwa nusu. Nikampeleka kwa fundi viatu hapo jirani akabandikwa soli mpya, akarudi akitembea wima, akaniuliza ni kiasi gani nimekata. Gongo sikuligusa.