Rangi Mpya ya Pikapu ya Baba

Cheka, ukimaliza unisikilize. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, tena asubuhi, na sikuwa nimeonja hata tone la komoni.

Baba alipofariki aliacha pikapu ya zamani; baba mdogo akaipaka rangi nyekundu, mpaka ndani ya boneti, ati marehemu asiitambue akarudi kuidai. Tangu hapo ikagoma kuchaji betri. Baba mdogo akatangaza, "Kaka hataki mwanamke aishike. Jumamosi anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu." Vyuma chakavu! Pikapu inayobeba magunia yangu ya ulezi sokoni na kulisha wanangu watatu! Nikamwambia, "Kesho naipeleka Sumbawanga na kuirudisha. Ikinizimikia, uza."

Mimi ni fundi umeme wa magari, na aliyenifundisha ni baba huyo huyo. Mkanda niliukaza, kaboni za dinamo nikabadilisha, nyaya nikazipima moja moja. Kila kitu kizima, lakini mshale wa chaji umelala tu. Inakera, jamani!

Ijumaa nikaondoka kijijini kwetu Kaengesa na magunia yangu. Ukungu ukashuka, nikawasha taa, taa zikanyonya betri, pikapu ikazima katikati ya nyika. Nililia kwa hasira, sikufichi.

Nikafungua boneti. Upande wa pili alikuwa amesimama mzee aliyejifunika blanketi, kaweka mkono juu ya madigadi. Nikachuchumaa, nikapiga makofi ya heshima kama tulivyolelewa. "Shikamoo." Akaitikia kwa sauti ya baba yangu niliyemzika! Unadhani nilikimbia? Nikimbilie wapi, niache mzigo? Nilimgombeza. "Baba, kama hutaki niishike, sema! Wajukuu zako wale nini?"

"Nani kakwambia sitaki?" akasema. "Mmepaka rangi mpaka chini ya katauti. Athi itapita wapi?"

Katauti ndicho kile kidude kinachoruhusu umeme wa dinamo uingie kwenye betri, na lazima kigusane na bati tupu ndipo kipate athi, yaani njia ya umeme kurudi. Nikakifungua. Loo! Chini yake rangi nene. Nikaikwangua kwa wembe mpaka bati likang'aa, nikafunga, nikazima taa, nikapiga hendeli. Injini ikashika, mshale ukapanda! Nikageuka nimshukuru, hakuna mtu, na majani yana umande wake wote, hayajakanyagwa. Nikafika Sumbawanga, nikarudi nayo mzima, na Jumamosi mnunuzi wa vyuma akaondoka mikono mitupu.

Amini usiamini, pale alipoweka mkono rangi ilibanduka vidole vitano, ikatokea ile ya kijani ya zamani. Baba mdogo kaipaka tena mara mbili, na mara zote imebanduka. Siku hizi yeye anapanda bodaboda, haisogelei pikapu. Mimi naiendesha kila siku ya soko.

Na wewe ukifiwa, sikia: usimfiche marehemu wako mali yake, kisha ukamsingizia ubaya. Miezi minane tulisema baba ndiye anayeliharibu gari, kumbe maskini alikuwa analitafuta aje anitengenezee.