Buluu ya Hollis Bagwell

Hollis Bagwell, aliyekuwa mume wangu, hajawahi kuona rangi ya zambarau maishani mwake. Mwonyeshe zabibu, atakuambia ni buluu. Mwonyeshe bilinganya, ataitazama amepinda shingo, atarudi nyuma kidogo, ataikinga jua kwa kofia, kisha atakuambia kuna buluu ndani yake, ila watu wengi hawana jicho. Macho yake ni mazima. Ugonjwa wake ni mayungiyungi.

Nasema yale ya bustanini, ambayo kila ua huchanua alfajiri na kunyauka jioni, kesho likafunguka jingine pembeni yake. Huku kwetu kusini mwa Georgia hukosi jirani anayeyazalisha. Yapo mekundu, yapo ya manjano, yapo meusi karibu kama lami. La buluu halipo. Hakuna aliyewahi kulipata, na ndiyo maana wanaume wenye akili zao, wanaolipa kodi na kwenda kanisani, wanazeeka wakilitafuta.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kuvunia karanga. Ana mikono kama makasia. Lakini ungemwona kunapambazuka, amepiga magoti kwenye tuta, amebana uzi wa chavua kwa kibano cha nyusi, kibano changu, anaupakaza kwenye ua jingine kwa upole ambao mimi sikuwahi kuonjeshwa. Kila ua alilolipandisha alilifunga kipande cha waya wa simu ili ajue baba yake ni nani. Mbegu zilikaa ndani ya friji yangu, karibu na mayai. Ni nyeusi, za mviringo, zinang'aa. Jumapili moja mchungaji alikuja kula kwetu, akachukua mbegu za msimu mzima akazimwagia kwenye mayai yake akidhani ni pilipili manga. Mchungaji hakupata hata kiungulia. Hollis ndiye aliyelala kitandani kama mfiwa.

Mwaka tuliooana alinishika mkono mbele ya mama yake akaniambia, "Verlie, siku nitakapolipata la buluu, litaitwa kwa jina lako." Mimi shule niliiacha mapema nikaenda kupanga karanga kiwandani, na hakuna aliyewahi kutaka kuita kitu chochote kwa jina langu. Nikaamini. Kwa neno hilo moja nilipalilia, nikabeba ndoo, nikatandaza majani ya msonobari, mpaka mgongo ukachukua umbo la jembe. Mche mmoja unahitaji miaka miwili au mitatu ndipo utoe ua, na miche mia moja ikitoa maua, tisini na tisa inatupwa mtaroni. Tulitupa maua mengi kuliko watu wengine wanavyopanda.

Lakini kazi yangu hasa ilikuwa mwavuli.

Maana kila ua ambalo Hollis aliliita buluu lilikuwa buluu asubuhi tu, kivulini, umande ukiwa bado haujakauka. Jua likishapanda, linageuka rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Kwa hiyo wageni wakija, nilisimama pembeni ya tuta nimelikinga ua kwa mwavuli mkubwa mweusi, ule tuliopewa na watu wa mazishi tulipomzika baba yangu. Hollis aliwaambia wageni kwamba mke wake havumilii jua. Wakanionea huruma. Mimi nikiungua mgongo, ua likiwa kivulini.

Mwaka mmoja alisahau siku ya ndoa yetu. Jioni akaja ametokwa na jasho, ana karatasi ya chama cha mayungiyungi. Akasema ananipa zawadi isiyofifia: anasajili ua kwa jina langu. Kwenye chama chao, jina la mtu aliye hai halitumiki mpaka mwenyewe atie sahihi. Nikatia sahihi nikilia kwa furaha, nikauliza ni lipi. Akanipeleka nyuma ya banda. Lilikuwa na rangi ya mchuzi uliolala.

"Ni gumu hilo," akaniambia. "Halifi hata ufanye nini."

Alidhani amenisifu.

Na chama chao kina sheria nyingine: jina likishasajiliwa haligeuzwi, wala halipewi ua jingine. Hollis aliijua sheria hiyo kuliko aya yoyote ya Biblia.

Mnaona lilipokuwa linaelekea. Miaka michache baadaye mche mmoja ulifunguka, na katikati ya ua kulikuwa na duara pana la rangi ya suruali ya jinzi iliyofuliwa sana. Hata mimi niliona. Saa kumi na mbili asubuhi, kivulini, lilikuwa buluu kuliko kitu chochote alichowahi kukipata mtu wa kata yetu. Hollis alikaa chini kwenye tope akavua kofia. Nikangoja alitamke jina langu. Ikafika jioni, ua limeshakunjamana, ndipo nikamuuliza mwenyewe.

"Jina lako lilishatumika, Verlie," akasema. "Sheria ni sheria."

Sheria hiyo alikuwa amekumbushwa na katibu wa chama, Darlis Crenshaw, mjane wa wakala wa bima, mwanamke mwenye kucha ndefu ambazo hazikuwahi kuguswa na udongo. Walianza kukumbushana sheria mara mbili kwa wiki. Majani yalipoanza kuanguka, Hollis alileta tela, akang'oa bustani nzima tuta kwa tuta, akaihamishia kwa Darlis, upande wa pili wa kata. Akaniachia nyumba, mtaro, na lile la rangi ya mchuzi. Mlangoni akaniambia nisiwe na kinyongo, kwamba mtu na ua lake hawawezi kutenganishwa. Majira ya baridi yote nilitafuta mwavuli wa msiba wa baba yangu nisiuone.

Masika ikaja habari kwamba la buluu limeandikishwa, linaitwa Darlis Crenshaw. Na Juni, siku ya basi, litaonyeshwa.

Siku ya basi ndiyo Krismasi ya watu hawa. Wanachama wanakuja kutoka mbali, Mississippi na Tennessee, wazee kwa bibi vizee, wanazungushwa bustani kwa bustani, kila mmoja anapiga kura, na ua lililopendwa zaidi linapata bakuli la fedha lenye jina lake limechongwa. Kata nzima ilijua bakuli la mwaka huo ni la nani. Niliambiwa kwamba Hollis ameshaondoa picha ya marehemu Crenshaw juu ya televisheni ili kulipatia nafasi. Bakuli lile lilikuwa langu tangu aliponiahidi mbele ya mama yake. Sasa lingechongwa Darlis.

Hollis alikuwa amepanga vizuri. Basi litoke hotelini alfajiri, lifike kwa Darlis kwanza kabisa, umande ukiwa bado upo. Kitu kimoja hakukifikiria, kwa kuwa hajawahi kukifikiria maishani: choo. Kutoka hotelini hadi kwa Darlis hakuna choo njiani, isipokuwa changu. Siku moja kabla, mwenyekiti wa chama, mzee Thurmon Peavy, alinipigia simu kwa aibu nyingi. Akasema anajua mambo yalivyo, lakini watu wake ni wazee, wanakunywa kahawa. Je, wanaweza kusimama kwangu kidogo?

"Dakika kumi tu, Bi Verlie."

Nikamwambia mlango wangu haujawahi kufungiwa mgeni. Kisha nikawasha jiko.

Walipofika jua lilikuwa halijatoka vizuri. Basi zima, choo kimoja. Waliokuwa kwenye foleni wakasikia harufu. Nilikuwa na mikate ya maziwa ya moto na mchuzi mweupe wa soseji, mayai, uji mzito wa mahindi wenye siagi, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na pai za njugu za pikani zimepangwa dirishani. Hakuna mtu wa Kusini anayeweza kupita mbele ya mkate wa moto akasema ana haraka. Mama yake angefufuka amchape. Waliotoka chooni wakaketi kula. Waliokula wakanywa kahawa. Waliokunywa kahawa wakarudi kwenye foleni. Mimi sikumzuia mtu.

Mzee Thurmon alitazama saa yake, akaja jikoni akasema, "Bi Verlie, tutachelewa."

"Basi nikufungie pai yako uende nayo, mzee? Ila ya moto haifungiki."

Akaitazama ile pai. Akaketi.

Simu ikalia. Ni Hollis.

"Verlie, basi liko hapo?"

"Lipo."

"Waambie waje. Jua linapanda."

"Wanakula."

"Unajua unachofanya."

"Nawakirimu wageni, Hollis. Si ndivyo ulivyonifundisha? Nilitaka kuwakinga jua pia, ila mwavuli wangu siuoni."

Akakata simu. Nikawakatia watu pai.

Walipomaliza, mama mmoja wa Mississippi alisema kuna kiti kitupu karibu yake, kwa nini nisiende nao, baada ya kazi yote hiyo. Nikavua aproni. Njiani walisinzia kwa shibe, na jua liligonga vioo vya basi kama mtu anayedai aingie.

Tulifika kwa Darlis saa nne imepita. Hollis alikuwa amevaa tai. Pembeni ya tuta la katikati alisimama Darlis, gauni la buluu limemganda mgongoni, poda inamchuruzika shingoni, ameinua kwa mikono miwili mwavuli mkubwa mweusi. Niliutambua kabla sijashuka basi.

Hollis akahutubia. Akasema juu ya miaka ya kazi, juu ya jicho, juu ya subira. Mzee Thurmon alisikiliza mpaka mwisho, akageuka huku na huku.

"Hollis, hilo la buluu liko wapi?"

"Uko mbele yake."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akainama. "Hili?"

"Mngelikuta asubuhi," akasema Hollis.

"Asubuhi kila mtu hapa ana la buluu," akajibu mzee mmoja nyuma, na watu wakakohoa ili wasicheke.

Hollis akageuka kwa Darlis, sauti ile ile niliyoisikia miaka yote. "Inua kidogo kulia. Jua linaingia."

Darlis hakuinua. Alikuwa ananitazama mimi. Akaniuliza polepole, kana kwamba tuko peke yetu, "Verlie, kazi hii uliifanya mpaka lini?"

"Mpaka ulipoichukua."

Akalitazama ua lenye jina lake, maji ya vyombo matupu. Akamtazama Hollis na tai yake. Kisha akaukunja mwavuli taratibu, akafunga kamba yake, akanikabidhi. Jua likalimwagikia ua lote, na hata zambarau iliyobaki ikaondoka.

Bakuli lilikwenda kwa ua la manjano la yule mama wa Mississippi, alilokuwa amelituma lipandwe kwenye bustani moja ya huku kwetu. Mimi nilirudi kwenye basi chini ya mwavuli wangu. Ile huruma ya wageni niliwaachia wale wawili wagawane.

Darlis bado anaishi naye, lakini nasikia alituma barua chamani kuomba jina lake liondolewe kwenye lile ua. Akajibiwa kwamba haligeuzwi. Yeye ndiye katibu. Nadhani jibu alijiandikia mwenyewe. Sasa tuko sawa, mimi mchuzi uliolala, yeye maji ya vyombo, ila langu halifi.

Hollis hajaacha. Masika hii amewaambia watu kiwandani kwamba ana mche mpya, na safari hii buluu ni ya kweli, kinachokosekana ni jina zuri la mwanamke na sahihi yake. Anatembea na karatasi mfukoni. Wanawake wa kata hii wakimwona anakuja, wanavuka barabara.